Unyevu wa Kuta za Zamani Hautibiwi kwa Saruji

Nalasi, kama sehemu kubwa ya Ruvuma, ina msimu mmoja wa mvua, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na ukimalizika nyumba nyingi za zamani hubaki na mkanda mweusi chini ya kuta. Ardhi ndiyo hulaumiwa kwanza. Ni kweli maji hupanda, kwa kuwa tofali la udongo huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta. Lakini chuchumaa uutazame ukuta kabla ya kumwita fundi. Madoa ya udongo mwekundu yakifika usawa wa goti, maji hayo yametoka juu: yameanguka kutoka kwenye bati lenye upenu mfupi, yakapiga uwanja mtupu, yakaurukia ukuta.

Dawa inayokimbiliwa ni lipu ya saruji. Kwa ukuta wa tofali bichi, au wa tofali la kuchoma lililojengewa udongo, naiona ni kosa kubwa. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Saruji haiwezi kuufuata, hivyo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia humo, kutoka yanashindwa. Igonge lipu ya namna hiyo kwa kidole, utasikia utupu. Ikibanduka huondoka na ngozi ya tofali, nyuma ukabaki unga na chumvi nyeupe. Mji Mkongwe wa Zanzibar unalijua tatizo hili: kuta zake za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupigwa lipu ya chokaa, inayoachia unyevu, na saruji ya matengenezo ya baadaye huufungia ndani.

Kuna watakaosema mbona nyumba mpya hupigwa saruji zikadumu. Hizo ni za tofali za saruji, na zikijengwa vizuri huwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Za zamani hazina. Wengine watasema chokaa ni ghali na kukandika kwa udongo hakudumu. Hakudumu kweli, lakini kandiko likiliwa na mvua hukandikwa tena kwa udongo, mchanga na makapi ya mpunga, na tofali linabaki zima. Fedha ya saruji inunue bati la kurefusha upenu. Hata kabla ya hapo, shika jembe: ondoa udongo uliorundikana ukutani, uinamishe uwanja maji yakimbie, kisha uuache ukuta ukauke kiangazi kizima kabla ya kuupaka chochote.