Chombo kitoacho oksijeni, na namna kinavyotengenezwa upya

Mtoto wa shule akiulizwa oksijeni tunayovuta yatoka wapi, atajibu: katika majani ya miti. Amejibu vema, lakini hakumaliza. Ndani ya maziwa na bahari mna viumbe vidogo, visivyoonekana ila kwa mikroskopi, viitwavyo sianobakteri. Hivyo ndivyo vilivyotangulia kutoa oksijeni, hata hewa ya dunia yote ikageuka, zamani za miaka zaidi ya miliari 2. Na majani ya muhogo, tunayopika sombe, hufanya kazi hiyo kwa chombo cha namna ile ile.

Chombo chenyewe chaitwa fotosistemi ya pili. Ni proteini zipatazo 20 zilizofungamana. Mwanga ukipiga klorofili iliyomo, elektroni moja yaondoka. Basi chombo chatafuta nyingine ya kuziba pengo, nacho chaitoa katika maji. Manganezi 4 na kalsiyumu 1 ndizo zishikazo maji hayo. Mwanga ukipiga mara 4, molekuli 2 za maji zimekwisha kupasuka, na oksijeni yatoka. Bessel Kok alieleza hesabu hiyo mwaka 1970. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walionyesha kila manganezi mahali pake.

Lakini kazi hiyo hiyo yakiumiza chombo. Proteini iitwayo D1, ambayo yasaidia kushika manganezi, ndiyo iharibikayo kwanza. Katika mwanga mkali yaweza isidumu hata saa moja. Mseminari aweza kuuliza: mbona Muumba hakuweka proteini isiyovunjika? Swali si la mchezo. Tukumbuke kwamba kuyanyang'anya maji elektroni kwataka nguvu kali kupita zote tuzijuazo katika viumbe, na nguvu ya namna hiyo haikosi kuunguza kilicho karibu.

Kiumbe hakitupi chombo kizima. Proteini nyingine, FtsH, huitafuna D1 iliyoharibika, mpya hujengwa na kuingizwa pale pale, na zile zilizo nzima hutumika tena. Wataalamu walihakikisha hivi: walitia dawa izuiayo kujenga proteini, kisha wakaweka sianobakteri katika mwanga mkali. Oksijeni ikapungua upesi. Kumbe chombo huharibika kila siku, ila matengenezo yatuficha jambo hilo.

Sianobakteri moja, Synechococcus, ina D1 za namna mbili: moja ya mwanga hafifu, na nyingine, yenye kustahimili zaidi, ambayo huijenga jua linapozidi.