Watu Wote: Stori ya Basi la Mandera Ilivyofika Oscar

Wasee wa Garissa wanaijua hiyo barabara ya Mandera. Novemba 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi wakaua watu 28. Desemba 21, 2015 wakarudia karibu na El Wak, lakini abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Wengine wakawapa hijabu wajifiche. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Nani aliileta kwa skrini? Prodyusa Tobias Rosen na dairekta Katja Benrath, wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, wakishirikiana na Wakenya. Watu Wote ilikuwa filamu yao ya kumaliza masomo: dakika 22, Kiswahili na Kisomali, na Adelyne Wairimu ndani.

Usidhani prodyusa ni msee wa kamera. Yeye ndiye husaka doh, vibali na usafiri, halafu anazungusha filamu kwa matamasha. 2017 ikabeba dhahabu ya Student Academy Awards. 2018 ikateuliwa Oscar, ikapigwa na The Silent Child.

Sasa cheki: stori ni ya kwetu, lakini waliosaka hizo doh walitoka Hamburg. Ya kesho itasakiwa na nani? Kama uko Garissa na una stori, anza na vibali.