Lifti Inayoendeshwa kwa Maji Matupu

Kusini mwa jimbo la Ontario, Kanada, mwenye boti ya injini anaweza kusafiri kilomita 386 kutoka Ziwa Ontario hadi Ghuba ya Georgian katika Ziwa Huron. Njia hiyo huitwa Trent-Severn. Sehemu kubwa yake ni mito na maziwa ya asili, yenye misonobari kando na visiwa vya miamba, vikiunganishwa na vipande vya mifereji. Ujenzi ulianza mwaka 1833 ukakamilika 1920, wakati reli ilikwisha kuichukua mizigo yote. Walionufaika ni watalii, wanaopita kuanzia Mei hadi Oktoba, kabla maji hayajaganda.

Njiani kuna mlima wa kupanda. Ziwa Balsam, kilele cha njia hii, liko mita 256 juu ya usawa wa bahari. Boti hupandishwa kwa loki, yaani vyumba vya maji vyenye malango mbele na nyuma. Ikiingia, lango la nyuma hufungwa, vali hufunguliwa, na maji ya upande wa juu hutiririka ndani kwa uzito wake yenyewe mpaka usawa ulingane. Pampu haihitajiki. Nahodha huzima injini na kushika kamba mkononi bila kuifunga, kwa sababu wakati wa kuteremka boti iliyofungwa ingebaki ikining'inia ukutani huku maji yakiikimbia.

Mjini Peterborough hali ni tofauti. Hapo mwinuko ni mita 19.8, na mhandisi Richard Birdsall Rogers, baada ya kwenda Ulaya kutazama mitambo ya aina hiyo, alijenga lifti ya maji iliyofunguliwa Julai 1904. Ina mabeseni mawili ya chuma, kila moja likiwa na urefu wa takriban mita 43 na upana wa mita 10. Kila beseni limekaa juu ya pistoni moja kubwa iliyozama katika silinda iliyojaa maji, na silinda hizo mbili zimeunganishwa kwa bomba. Moja likishuka, lingine lazima lipande, kama pande mbili za mizani.

Ni nini basi kinacholishusha la juu? Huongezewa maji ya kina cha sentimita 30 tu. Zidisha vipimo hivyo, utapata karibu tani 130 za ziada. Vali ya bomba ikifunguliwa, beseni zito huteremka na kulisukuma jepesi juu, na safari hiyo haifiki hata dakika tatu. Chini, maji ya ziada hutolewa. Juu, mengine huingia, na mchezo uanze upya. Loki ya kawaida yenye ukubwa na mwinuko huo ingemwaga zaidi ya mita za ujazo 8,000 kila mara.

Wengi huuliza: je, upande mmoja ukiwa na boti kubwa na mwingine ukiwa mtupu? Hakuna tofauti. Kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake, hivyo boti ya tani 20 inapoingia, tani 20 za maji hutoka kupitia lango. Archimedes aliligundua jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha kwa ndoo iliyojaa pomoni na kipande cha ubao: ubao ukiwekwa na maji yakamwagika nje, mizani itasoma uzito uleule. Sijui mfano wa kufundishia kanuni hii ulio bora kuliko Peterborough.

Rogers mwenyewe hakutendewa haki. Ripoti iliyotolewa baada ya uzinduzi ilimlaumu, akajiuzulu. Lifti yake bado inafanya kazi.

Karibu na mwisho wa safari, mahali paitwapo Big Chute, maji yamekatizwa kabisa. Boti hubebwa kwa behewa juu ya reli, ikavuka kilima ikiwa nje ya maji. Loki ingeweza kujengwa hapo, lakini ingewafungulia njia lamprei, samaki wanaofyonza damu ya samaki wengine na walioharibu vibaya uvuvi wa Maziwa Makuu ya Amerika. Uamuzi wa kutoijenga ulikuwa sahihi, na nchi yoyote inayopanga kuunganisha maziwa yake kwa mifereji iuchunguze kwanza kabla ya kuchimba.