Mnato wa Oili na Hisabu ya Harara

Kila fundi aliyepata kumimina oili asubuhi ya baridi anafahamu kwamba mafuta huwa mepesi kadiri yanavyopata moto. Lakini mnato wake haupungui kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo makisio ya kichwani, hata ya mtu mwenye tajiriba ya miaka mingi, yanapopotoka.

Tutwae oili ya mashine ya daraja la 100, ambayo mnato wake ni sentistoki 100 katika nyuzi 40 za Selsiasi, na kama 11 katika nyuzi 100. Aulizwaye habari ya nyuzi 70, zilizo katikati kabisa, aghalabu atajibu 55. Ilhali jawabu sahihi ni 27 hivi, na beringi iliyochaguliwa oili kwa itibari ya ile 55 itazunguka juu ya utando mwembamba mno kuliko uliodhaniwa, pengine hata chuma kiguse chuma.

Jawabu hilo hutoka katika kanuni inayonasibishwa na Walther: mnato huongezwa 0.7, ikatwaliwa logi ya jumla hiyo, kisha logi ya logi hiyo. Nayo harara, baada ya kuongezwa 273.15 ili iwe katika kipimo cha Kelvin, hutwaliwa logi mara moja tu. Hapo mchirizi uliopinda hunyooka, na mstari ulionyooka huhitaji nukta mbili tu. Zamani wahandisi walichora nukta hizo kwa rula juu ya karatasi maalumu. Leo programu, hata lahajedwali ya kawaida, huimaliza kazi hiyo mara moja, na kwa oili yetu hutwambia kwamba katika nyuzi 20 mnato hupanda hadi 345 hivi.

Rai yangu ni kwamba wepesi huu ni neema kubwa kwa karakana ndogo, maadamu mwenye kuutumia anaijua mipaka yake. Katika baridi kali, nta iliyomo ndani ya mafuta inapoanza kuganda, kanuni haifai tena, wala programu haitakataa kutoa tarakimu. Nukta mbili zilizokaribiana mno hukuza kosa dogo la kipimo. Tena vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji ni vya oili mpya: iliyokwisha kufanya kazi, ikaingiliwa na dizeli ikawa nyepesi, au ikajaa masizi ikawa nzito, haina budi kutolewa sampuli na kupimwa upya, katika nyuzi 40 na katika nyuzi 100, kabla ya kuihisabu.