Mapigo ya Moyo Wakati wa Mapumziko

Tangu kale matabibu wameshika vifundo vya mikono ya wagonjwa ili kusikiliza mapigo ya moyo, lakini hawakuwa na saa ya kuyahesabia kwa usahihi. Mnamo 1707 tabibu Mwingereza John Floyer alieleza kitabuni habari za saa aliyotengenezewa, iliyokwenda dakika moja kamili kisha ikasimama. Leo mwanafunzi yeyote mwenye saa ya sekunde aweza kufanya kazi hiyo.

Keti kimya kwa dakika tano hadi kumi. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa kuwa nacho kina mapigo yake. Hesabu kwa dakika nzima. Ukihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pigo moja litageuka kuwa makosa manne. Rudia kwa siku tatu, kisha tafuta wastani.

Kwa kijana na mtu mzima, mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika. Kila pigo husukuma takriban mililita 70 za damu. Hivyo mapigo 70 husukuma karibu lita tano. Moyo wa mkimbiaji hodari husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kwa sababu hiyo mapigo 40 au 50 huweza kumtosha.

Je, kwa nini mapigo huzidi mtu akiwa ametulia? Huenda ni hofu, au homa, ambayo huongeza kama mapigo kumi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Huenda pia ni upungufu wa damu: chembe nyekundu zikiwa chache, oksijeni inayobebwa hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio ili kufidia.

Basi, mwalimu asiharakishe kumwita mvivu mwanafunzi anayehema upesi mchezoni. Mapigo yake yakizidi 100 mara kwa mara akiwa amepumzika, apelekwe zahanati akapimwe damu. Vivyo hivyo, mapigo yaliyo chini ya 60 yakiandamana na kizunguzungu au kuzimia, yahitaji kuchunguzwa na daktari. Hesabu ya dakika moja haitaji ugonjwa, bali huonyesha ni nani anayestahili kupimwa.