Tamthilia za Beckett Zisizosomwa: Suala la Tarehe na Sababu

Makala haya yanajadili tatizo linalomkabili mtafiti anapoziendea kazi zisizofahamika za mtunzi mashuhuri. Mfano wetu ni Samuel Beckett (1906–1989), mwandishi wa Ireland aliyetunga kwa Kiingereza na Kifaransa, ambaye tamthilia yake ya *En attendant Godot* imewashughulisha wahakiki kiasi cha kuzifunika nyinginezo.

Aghalabu hudhaniwa kwamba kazi isiyojulikana ni kazi dhaifu. Dhana hii haina budi kupimwa. *Eleutheria*, neno la Kiyunani lenye maana ya uhuru, iliandikwa kwa Kifaransa mwaka 1947, kabla ya *Godot*. Mwelekezi Roger Blin alipopata miswada yote miwili, alichagua *Godot*, na sababu mojawapo ilikuwa gharama: *Eleutheria* ina wahusika 17 na jukwaa lililogawanywa, ilhali *Godot* ina wahusika watano na mti mmoja. Hapa uamuzi ulitokana pia na mfuko, wala si ubora peke yake. Baadaye Beckett mwenyewe aliizuia isichapishwe. Ilitoka Paris mwaka 1995, naye mchapishaji wake, Jérôme Lindon, aliitoa shingo upande ili kuitangulia tafsiri iliyokuwa ikiandaliwa Marekani.

*Human Wishes* ina historia tofauti: haikukamilika. Beckett alijaza madaftari matatu kwa maelezo kuhusu Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, nayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Reading. Kilichoandikwa hasa ni sehemu ya onyesho moja, iliyochapishwa katika *Disjecta* mwaka 1983. Wanawake watatu wameketi nyumbani kwa Johnson. Wanazozana, wananyamaza, wanazozana tena. Johnson hatokei. Msomaji wa *Godot* atashawishika mara moja kuona humo mbegu ya tamthilia ile, na ushawishi huo ndio hatari yenyewe, kwa kuwa Kiingereza cha wanawake hao ni cha karne ya 18, kilichopambwa na kusanifiwa kwa makusudi, mbali kabisa na usemi mkavu wa Vladimir na Estragon. Ukimya unafanana, lugha haifanani.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Mwanafunzi anayepanga kazi hizi kwa mwaka wa kuchapishwa ataiweka *Eleutheria* baada ya kifo cha mtunzi, na hoja yake yote kuhusu maendeleo ya fani itapinda. Tarehe ya kuandikwa na ya kuchapishwa zitajwe zote mbili, pamoja na katazo la mtunzi.