Kompyuta imegoma kuwaka? Usikimbilie kununua ubao mpya

Wengi mjini Kisangani wanaijua hali hii. Umeme umepotea tangu asubuhi, unarudi saa mbili za usiku, watoto wa mtaa wanashangilia. Mwanafunzi anayemaliza kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo anabonyeza kitufe cha kompyuta: kimya. Au feni zinazunguka, lakini ekrani inabaki nyeusi. Kesho yake anaambiwa kwamba ubao mama umekufa, na bei inatajwa kwa dola. Kwa familia iliyokwisha kujibana kwa ajili ya masomo, hiyo si pesa ndogo. Na mara nyingi ubao wenyewe haujafa.

Kompyuta ya kuunga, yaani ile ambayo mtu amenunua kipande kimoja kimoja na kuifunga nyumbani, ina uzuri wake: kitu kikiharibika, unabadilisha hicho tu. Lakini ina deni lake pia. Vipande vingi vinafika vikiwa vimekwisha kutumika, kila kimoja na umri wake, na hakuna duka moja la kurudishia mashini nzima. Mwenye kuiunga ndiye anapaswa kutafuta ugonjwa uko wapi. Habari njema ni kwamba kazi hiyo ina utaratibu, na sehemu kubwa yake haidai pesa.

Umeme kwanza

Kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichoanza wakati wa ukoloni, kina mashini tatu tu. Mojawapo ikisimama, mitaa inapewa umeme kwa zamu, ndiyo ile delestaji inayojulikana na kila mtu. Kinachoumiza kompyuta si giza. Ni ile dakika umeme unapokatika na ile unaporudi. Volti zinapaswa kuwa karibu na 220, lakini umeme ukirudi, friji, pasi na pampu za mtaa mzima zinavuta pamoja, na volti zinapanda na kushuka. Ongeza na radi: bonde la mto Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopata radi nyingi zaidi.

Mapigo hayo yote yanapokelewa kwanza na boksi la umeme, kile kisanduku cha chuma chenye feni yake mahali waya wa ukutani unapoingia. Mafundi wanaliita alimantasio. Kwa hiyo, kompyuta ikiwa kimya kabisa, huyo ndiye mshitakiwa wa kwanza, wala si ubao mama.

Lakini hata kabla yake, kuna maswali ya bure. Je, prizi ina umeme? Chomeka taa au chaja ya simu papo hapo. Ralonji je? Jaribu bila ralonji. Waya wa kompyuta? Azima mwingine kwa jirani. Swichi ndogo nyuma ya boksi imewashwa? Maboksi ya zamani yana pia swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kwetu ni lazima iwe kwenye 230. Ikisahauliwa kwenye 115, boksi linaweza kupasuka siku ya kwanza tu, na harufu ya kuungua itajaa chumba.

Wanaotumia mitambo ya jua waangalie jambo lingine. Inveta za bei rahisi hazitoi umeme laini kama wa mtambo mkubwa, na maboksi mengine ya kisasa hayaupendi: yanalia, au yanajizima. Kompyuta ikigoma kwenye inveta lakini inawaka vizuri kwenye umeme wa mji au jenereta nzuri, basi mgonjwa si kompyuta.

Kupima boksi bila kulifungua

Toa waya ukutani. Chomoa nyaya zote za boksi kutoka kwenye ubao, disiki na vifaa vingine. Chukua ile prizi kubwa yenye matundu 24. Ndani yake kuna waya mmoja tu wa kijani. Unganisha tundu lake na tundu la waya mweusi kwa kipande kifupi cha waya, kisha rudisha umeme. Feni ya boksi ikizunguka, hiyo ni dalili nzuri. Isipozunguka, yawezekana boksi limekufa, ingawa maboksi machache yana feni inayongoja joto kwanza.

Dalili nzuri bado si hakikisho. Mwenye mita ya kupimia umeme apime: waya wa manjano unatoa volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Ikipita au ikipungua zaidi ya asilimia 5, boksi si la kuaminiwa. Kwa ile ya 12, maana yake ni kati ya 11.4 na 12.6. Kama nyaya zote za boksi ni nyeusi, usibahatishe: mpelekee fundi.

Na boksi lenyewe lisifunguliwe na mtu asiye fundi. Ndani yake umeme unabaki hata baada ya kuchomoa waya, na unaweza kumrusha mtu.

Feni zinazunguka, ekrani nyeusi

Hapa wengi wanakata tamaa mapema. Kwanza tazama waya wa ekrani umeingia wapi. Kompyuta ikiwa na kadi ya picha, waya unaingia kwenye kadi, si kwenye ubao. Kosa hili linafanywa hata na wazoefu. Kisha tazama prizi ndogo ya umeme karibu na prosesa, yenye matundu 4 au 8. Ikisahauliwa, feni zinazunguka lakini prosesa haipati kitu.

Halafu RAM. Mji wetu una unyevu mwaka mzima, na mvua hazikai mbali. Meno ya rangi ya dhahabu ya RAM yanashika uchafu mwembamba ambao macho hayauoni. Tena mashini nyingi zimesafiri vibaya: zimerushwa ndani ya lori kwenye njia ya Bafwasende, au zimebebwa kwa toleka kutoka Makiso hadi nyumbani. Kilichofungwa vizuri kinalegea. Toa umeme, gusa chuma cha kasha ili mwili umwage umeme wake, chomoa RAM, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka usikie "tak". Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na kila tundu kwa zamu yake. Kompyuta nyingi zinazodaiwa kufa zinafufuka hapo.

Sikiliza pia. Ubao wenye kipaza sauti kidogo unalia kwa namna yake: mlio mmoja mfupi mara nyingi ni salama, milio mirefu inayorudiwa ni malalamiko, mara nyingi ya RAM au kadi ya picha. Maana kamili inategemea aliyetengeneza ubao, na iko katika kitabu chake.

Betri ndogo ya duara, CR2032, isisahauliwe. Saa ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri hiyo imechoka. Kuitoa kwa dakika chache, waya ukiwa umechomolewa ukutani, kunarudisha ubao kwenye mipangilio yake ya mwanzo, na wakati mwingine hilo linatosha.

Punguza mpaka ibaki kidogo

Kama bado kimya, njia ya mafundi wazuri ni kupunguza. Toa ubao nje ya kasha, uweke juu ya kartoni kavu. Acha prosesa na feni yake, RAM moja, boksi la umeme na ekrani. Disiki, kadi na klavye viwekwe pembeni. Prosesa isiyo na picha ndani yake ndiyo tu itahitaji kadi ibaki. Gusanisha vipini viwili vya kuwashia kwa ncha ya turnevisi.

Ikiwaka, rudisha kitu kimoja, washa; kingine, washa. Kile kitakachoizima ndicho kibaya. Ikiwaka kwenye kartoni na kugoma kila ikirudi ndani ya kasha, tafuta skrubu au kiguu cha shaba kinachogusa ubao mahali pasipofaa. Kosa hilo linapatikana sana kwa anayeunga mara ya kwanza. Isipowaka hata hivyo, na boksi limepimwa likawa zima, na RAM nyingine imejaribiwa, hapo ndipo ubao au prosesa vishukiwe. Tazama pia vile vimkebe vidogo vilivyosimama juu ya ubao: kikivimba kichwani au kikivuja, fundi mwenye mkono mzuri anaweza kukibadilisha kwa bei iliyo mbali sana na ile ya ubao mpya.

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja na ikawaka, hutajua kipi kilikuwa kibaya, na utakuwa umelipia viwili bure.

Inawaka, kisha inazimika

Ikizimika baada ya dakika kumi hivi, fikiria joto. Fungua ubavu wa kasha: vumbi, sisimizi, hata mende wanapenda hapo. Safisha kwa brashi laini. Dawa nyeupe kati ya prosesa na feni yake ikikauka kama udongo, pakwe mpya.

Disiki inayogonga "tak, tak, tak" ni jambo lingine. Usiijaribu mara kumi. Ikikubali kufunguka hata mara moja, nakili kazi kwanza, matengenezo baadaye. RAM inanunuliwa tena, lakini miezi mitano ya kuandika hairudi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Umeme ukikatika, chomoa waya. Ukirudi, ngoja dakika tano au zaidi. Radi ikianza kunguruma, chomoa tena, na waya wa intaneti pia. Pesa ikipatikana, stabilizateri au ondileri itangulie kabla ya kadi kubwa ya picha. Kasha liinuliwe kutoka sakafuni. Na kama chuma chake kinakutekenya mkono, nyumba huenda haina waya wa ardhi: mwite fundi umeme, kwa ajili ya kompyuta na kwa ajili ya watoto.

Anayepeleka mashini kwa fundi naye asiende mikono mitupu. Aeleze amepima nini, amebadilisha nini, na kompyuta imejibu vipi, kisha aombe kuonyeshwa kipande kinachosemwa kimekufa, na kijaribiwe mbele yake kabla hajatoa dola hata moja.